Saa ya Kinshasa

Mama Mbambu aliing'oa kompyuta ya depo yake asubuhi ya Jumatatu, kabla wateja wa sukari na mafuta hawajaanza kujipanga mlangoni. Clément, karani wake mwandishi wa ankara, alimfuata mpaka kwenye gari akiwa amekumbatia waya na kibodi, amenuna.

"Sasa Mama, mi nitaandika factures na nini?"

"Na mukono. Mungu alikupa mbili."

"Mukono haijue kujumlisha."

"Kichwa inajua. Na kama yako haijue, nitatafuta mwenye kichwa ingine. Funga mulango."

Clément akacheka bila kupenda. Kompyuta ile ilikuwa kitu cha kwanza kipya ambacho Mama Mbambu alikuwa amejinunulia tangu mumewe afariki, na sasa alikuwa anaipeleka kwa redio ndogo ya Kampemba, mtaa wa Lubumbashi. Hakuna aliyemwomba.

Redio yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kanisa. Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni ilitoa kipindi cha salamu, na tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwanzoni mwa mwaka na vita vikapanda kuelekea milima ya Lubero, kipindi kile kilikuwa kimegeuka kuwa cha watu wa Kivu. Walikuja kutoka kwenye maghala na maegesho ya malori, wakasimama mbele ya kipaza sauti na kuwaita ndugu zao kwa majina. Kule milimani antena za simu zilikuwa zimenyamaza. Njia ya sauti iliyobaki ilikuwa moja: katekista mmoja aliyeitwa Damien, mwenye mtambo mdogo wa redio, sahani ya mtandao wa satelaiti, na betri za jua zilizochoka. Betri zile zilimruhusu kufungua mtambo nusu saa tu kwa juma, Jumapili saa kumi na mbili jioni; barua fupi aliweza kuituma mchana, jua likiwaka. Wakati Lubumbashi inasikiliza kipindi hewani, kompyuta ya chumba cha nyuma ilimtumia Damien kipindi hichohicho, yenyewe, bila mtu kuigusa, na yeye akakitawanya kwenye vijiji vya mabonde yake.

Halafu, mwezi wa kumi, kompyuta ya redio ikakataliwa. Mfumo wake ulikuwa umefikia mwisho wa kulindwa na waliouunda, na huduma iliyobeba sauti mpaka milimani haikupokea tena mashine zenye mfumo wa zamani. Aristote, kijana aliyemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na aliyetunza mitambo ya redio bila mshahara, alijaribu kuupandisha mfumo mpya. Mashine ilikuwa imezeeka mno, ikagoma, na haikuwaka tena. Ilitakiwa nyingine, na juu ya hiyo programu nyingine za kulipia, na redio haikuwa na kitu. Jumapili mbili zikapita milima haijasikia neno.

Na kule milimani Mama Mbambu alikuwa na binti yake.

Jemima alikuwa akisomea uuguzi Goma. Mji ulipoanguka alikataa kuondoka, akisema shule itafunguliwa. Shule haikufunguliwa, benki zilifungwa, na mwezi wa tisa alichoka, akaondoka na mkoba mmoja kwenda Lubero kwa bibi yake, mama mzazi wa Mbambu. Alipiga simu akiwa njiani, kwa simu ya kuazima.

"Mama, kule kwa koko hakuna réseau ya simu. Lakini beko na redio. Nitakusikia siku ya Yenga, kwa kipindi ya salamu."

"Usiende kwa koko. Tafuta lori, ukuye huku."

"Na koko, nani atabaki naye?"

Mama Mbambu alikuwa ameondoka kule miaka mingi iliyopita kufuata biashara ya mumewe, na kila mwaka alisema mwaka ujao atakwenda kumchukua mama yake. Sasa alipandisha sauti, na simu ikakatika yeye bado anafoka.

*

Aristote aliipokea kompyuta kwa mikono miwili.

"Mama, vraiment, hii machine iko muzuri! Itapokea système mupya bila shida."

"Basi ipokee. Siku ya Yenga nataka kusema na mutoto wangu."

Haikuwa rahisi kama alivyodhani. Mfumo mpya ulikaa, lakini kila hatua ilikula kitu. Programu ya kuchanganya sauti haikuukubali. Wimbo wa kufungulia kipindi, ambao Simone mtangazaji alikuwa ameurekodi na kwaya ya wajane wa reli, ulifunguka kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Na sanduku la barua pepe, ambamo majibu ya Damien yalikuwa yakiingia, likadai nenosiri. Mashine ya zamani ililijua kwa niaba ya wote. Aliyeliweka ni Jean-Claude, fundi wa kabla ya Aristote, na Jean-Claude alikuwa Zambia, kwenye mgodi fulani, na namba yake haikupatikana tena.

"Na anwani ya Damien?" Simone aliuliza.

"Iko ndani ya sanduku ileile."

Simone alikuwa mwanamke wa makamo, mtoto na mjukuu wa watu wa reli, na hakuwa mwepesi wa kukata tamaa. "Basi tufungue sanduku mupya. Nitaisema hewani kila Yenga: Papa Damien, tuandikie hapa. Ataisikia, ataandika."

"Njo vile!" Aristote akasema, na uso wake ukang'aa. Alikuwa mtu wa namna hiyo, akionyeshwa ufa wa mlango huona nyumba nzima.

Walipomaliza walisimama wote watatu mbele ya kioo cha kompyuta kuitazama. Kwenye kona, saa ilikuwa nyuma kwa saa nzima.

"Saa ya Kinshasa," Simone akasema, kama anayemsalimia jirani.

"Kwetu depo ilikuwa vile tangu zamani," Mama Mbambu akasema. "Clément anasema Kinshasa bado banakunywa chai."

Wakacheka. Nchi ina saa mbili, ya magharibi na ya mashariki, na kompyuta nyingi zikifika Lubumbashi hujichukulia ya mji mkuu. Madukani, benki, ofisini, watu wanaitazama, wanaongeza moja kichwani, wanaendelea na kazi. Aristote mwenyewe alisoma miaka mitano chuoni mbele ya saa ya Kinshasa.

*

Jumapili hiyo Mama Mbambu alirekodi ujumbe wake wa kwanza. Alisema kama anavyosema na madereva.

"Jemima, ni mama yako. Malori ya Papa Muhindo inapita Kasindi. Nimesema naye, nafasi yako iko. Utapita Uganda, Tanzania, Zambia. Ijumaa ya mwisho ya mwezi nitakuwa Mokambo, kwa barrière. Usibishe."

Saa kumi na mbili kipindi kikaenda hewani. Wakati Simone anasoma anwani mpya kwa Damien, mara mbili, polepole, Mama Mbambu aliketi kwenye benchi la studio mikono mapajani. Kilipokwisha wakafunga milango, kila mtu akaenda kwake kabla giza halijakaza. Asubuhi ya Jumatatu Aristote alifungua chumba cha nyuma, akakuta kwenye kioo alama ya kijani: imetumwa. Alimpigia simu kumwambia, na Mama Mbambu akamshukuru.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi alikuwa Mokambo tangu asubuhi. Alivaa kitenge cha sikukuu. Aliketi karibu na kizuizi cha mpaka, juu ya kreti aliyopewa na mwanamke mmoja mchuuzi wa mayai ya kuchemsha, jina lake Chomba. Malori yalikuja yakilia na kupumua, yakaonyesha karatasi, yakapita. Kila lililosimama, Mama Mbambu aliinuka.

"Mama, unangoja mali?" Chomba akamuuliza.

"Nangoja mutu."

"Ah, pole. Mali iko na karatasi, unajua iko wapi. Mutu hana."

Lori la Muhindo lilifika jua likiwa limegeuka. Muhindo alikuwa ametuma dereva ambaye ni mpwa wake, na kijana yule alishuka peke yake, akavua kofia kabla hajamfikia. "Hakuna mutu alikuya, Mama. Tulingoja Kasindi siku nzima. Hakuna."

Alinunua mayai mawili ili Chomba asije akasema amekalia kreti yake bure. Njiani kurudi hakuyala. Alikuwa anamwona Jemima amekaa mbele ya redio ya koko, anasikia sauti ya mama yake inamwita, anasikia siku na mahali, halafu anainuka kwenda kuchota maji. Alimjua mtoto wake. Jemima angeweza kufanya hivyo.

Jumapili alikwenda redioni na hasira yake yote.

"Jemima. Nilikuwa Mokambo. Lori ilifika bila weye. Sawa. Kama umechagua koko, baki na koko. Usiniite tena mama."

Upande wa pili wa kioo cha studio kidole cha Simone kilibaki juu ya kitufe. "Mama, tunaweza kurudilia. Bantu banarudiliaka."

"Hapana. Iende vile."

Ikaenda vile. Saa kumi na mbili mji ukaisikia: wenye maduka, wenye malori, wanawake wa Kivu wanaoimba naye kanisani. Kesho yake Clément aliandika factures kwa mkono tangu asubuhi bila mzaha hata mmoja, na hilo lilimuumiza kuliko kama angesema neno. Wanawake wa kwaya walipokutana naye walimpa mkono kwa mikono miwili, wakaushika kidogo zaidi, kama msibani. Muhindo, ambaye humpigia simu kila mara kuuliza bei ya mafuta, hakupiga.

Wala jibu halikuja. Si kwake tu. Hakuna familia iliyopata neno kutoka milimani, na watu walianza kusema vita vimefika kwa Damien, kwamba mtambo umeibwa, kwamba katekista amekimbia. Foleni ya Jumapili ilipungua. Mama Mbambu aliwasikiliza, na peke yake katika watu wote hakuamini. Yeye alijua kwa nini kumenyamaza. Jemima alikuwa amesikia, na alikuwa ametii.

Jioni nyumbani alikula akiwa amesimama jikoni, ili asikae mezani peke yake. Aliacha redio ikisema chochote. Mara nyingine alipiga ile namba ya simu ya kuazima, na sauti ya mwanamke wa kampuni ya simu ikamwambia kwa adabu, kwa Kifaransa, kwamba mtu huyo hapatikani. Alimsikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na ilikuwa inasema naye.

*

Jumapili iliyofuata alikwenda kuyafuta maneno yake. Alikuwa ameyapanga tangu Ijumaa. Lakini alipofika mbele ya kipaza sauti alisema, "Jemima," akakumbuka kwamba mji wote utasikia pia, akarudi nyuma hatua moja. Simone alingoja. Mwishowe akazima kwa upole, akasema, "Hakuna neno, Mama. Siku ingine."

Kipindi kikaenda hewani bila yeye. Kilipokwisha Simone akawahi kuondoka, maana mbingu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mapaa. Mama Mbambu alichelewa kidogo kutafuta mwavuli wake, na hapo mvua ikaanguka kwa kishindo, mvua ya mwezi wa kumi na moja isiyomwachia mtu nafasi ya kufika hata barabarani. Akabaki kwenye benchi. Aristote alileta karanga za kukaanga katika karatasi, akaziweka kati yao.

"Mama, damu yangu ya kijana inasema mvua itaisha sasa hivi."

"Damu ya kijana inyamaze. Ngojea."

Walikula karanga. Aristote alimweleza mipango yake: siku moja kila kijiji kitakuwa na sahani yake na betri zake, na hakuna mama atakayepanga foleni ili kumwambia mtoto wake jioni njema. Alisema kwa moyo wote. Mama Mbambu aliitikia "mm" kila kijana alipopumua. Ilikuwa vizuri kuwa karibu na mtu anayesema. Nje palikuwa pameshakuwa giza.

Mara, kutoka chumba cha nyuma, sauti ya Simone ikasema: *Ndugu zetu wa milimani, jioni njema, hapa ni Lubumbashi.*

Mama Mbambu aliacha kutafuna. "Simone si alienda?"

"Alienda."

Wakainuka. Kwenye chumba cha nyuma hapakuwa na mtu. Spika ndogo karibu na kompyuta ilikuwa inasema kwa sauti ya chini, na kwenye kioo mstari wa kijani ulikuwa unapanda na kushuka. Simone alimsalimia Damien. Mzee mmoja akamwita kaka yake wa Kipese. Mwanamke akataja majina ya wajukuu.

"Hii si ya saa ile?" Mama Mbambu akauliza. "Ile tulikwisha kusikia?"

Aristote alitazama kona ya kioo: saa kumi na mbili na dakika chache. Akatoa simu mfukoni akaitazama. Akatazama tena kioo. Halafu akavuta kiti, akakikosa, akaketi sakafuni.

"Mama," akasema. "Niliambia machine itume saa kumi na mbili. Inatuma saa kumi na mbili. Ya Kinshasa."

"Njo kusema nini?"

"Njo kusema Damien amekwisha kufunga. Betri yake inaisha, anazima, anaenda kulala, na sisi tunaanza kutuma. Tangu tulibadilisha système. Mi kila Jumatatu naona 'imetumwa', nafurahi. Imetumwa kwa nani? Kwa hakuna mutu." Sauti yake ilivunjika. "Hata anwani mupya hajaisikia. Hata kidogo."

Mvua ilipiga bati. Mzee wa pili alikuwa anaaga.

"Zote?" Mama Mbambu akasema.

"Zote, Mama."

"Ya Mokambo?"

"Na ya Mokambo."

"Na ile ingine?"

Aristote aliinamisha kichwa. "Na ile ingine. Jemima hakusikia kitu. Mama, unisamehe. Ulitupatia machine yako, na mi —"

"Nyamaza kwanza. Sema tena."

"Nini?"

"Sema hakusikia."

"Hakusikia, Mama."

Mama Mbambu alishika ukingo wa meza. Kitu kilimtoka kifuani, nusu kicheko na nusu kilio, kikubwa kuliko chumba. Aristote akaruka kusimama akidhani anaanguka, naye akamshika kijana bega, akamtikisa, akisema, "Hakusikia. Mutoto hakusikia. Mungu wangu, hakusikia hata moja." Mji mzima ulikuwa umeyasikia maneno yale, isipokuwa yule mmoja aliyeambiwa.

"Haunikasirikie?" Aristote akauliza.

"Machine ni yangu. Ile saa nimeiangalia miaka. Na mi niliongeza moja, nikaenda kuuza sukari."

Kuirekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za kiatu. Aristote alibofya, akachagua, saa ikaruka mbele, na ikawa saa ya watu waliomo chumbani.

"Zile zako mbili ziko hapa," akasema. "Niache, nifute?"

"Ya pili, futa. Mbele yangu." Alitazama mpaka jina la faili likatoweka. "Na ya kwanza pia."

*

Furaha yake ilikaa mpaka asubuhi. Alipokuwa anafungua depo ndipo alipoiona picha nyingine, na hakuweza kuiondoa. Jemima ameketi mbele ya redio ya koko. Amesema atasikiliza, na anasikiliza. Jumapili ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Kila Jumapili. Mama aliyemwacha akifoka kwenye simu hajamtumia neno. Kule, labda, watu wamekwisha kumwambia pole.

"Mama, uko na homa?" Clément akauliza.

"Siko na homa. Andika."

Juma zima alikuwa akiuza huku akitafuta maneno, na maneno yote aliyoyapata yalikuwa amri. Njoo. Panda. Usibaki. Hakuwa na mazoea ya maneno mengine. Aliyajaribu garini kwa sauti, akiwa peke yake, na dereva mmoja kwenye taa za barabarani akamtazama akatabasamu.

Jumapili foleni ilikuwa fupi. Simone alimpangia wa mwisho ili asiharakishwe.

"Uko na nusu dakika, Mama. Sema tu."

"Jemima," akasema. Safari hii hakusimama. "Ni mama yako. Nilisema na weye mbele, lakini machine haikufikisha. Si weye, si mi. Nilipiga kelele kwa simu, nisamehe. Ukiweza kuya, njia iko, kwa Papa Muhindo. Kama hauwezi, baki na koko, sitakasirika. Niko. Kila Yenga niko hapa. Njo hiyo."

Saa kumi na mbili walisimama wawili katika chumba cha nyuma, yeye na Aristote, na mstari wa kijani ukaamka kwa wakati wake. Sauti yake ilipofika Mama Mbambu aligeukia ukuta. Aristote alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Hakumuuliza anamwomba nani.

Barua ya Damien ilikuja Jumatatu mchana, kwenye sanduku jipya, na Aristote alikimbia nayo ndani ya simu yake mpaka depo, akapita katikati ya wateja bila kusalimia. Damien aliandika kwamba alidhani Lubumbashi wamefunga redio. Kila Jumapili alifungua mtambo kwa wakati wake, akaweka nyimbo za kanisa ili watu waliotembea kuja kusikiliza wasirudi bure. Jana watu walilia. Leo asubuhi msichana mmoja alikuja kwa miguu kutoka kijiji cha bondeni, akaketi mbele yake akamwambia aandike.

"Soma," Mama Mbambu akasema.

Aristote akasoma, na kwa kuwa alikuwa amekimbia alisoma akihema.

"'Mama, nimekusikia. Koko pia amekusikia, anasema Kiswahili yako imekuwa ya bantu ya Lubumbashi. Siwezi kuya. Koko hasimame tena bila mutu kumushika. Na huku mi njo niko peke yangu mwenye anajua kufunga kidonda, na bidonda biko mingi. Usikasirike. Kila Yenga tulikaa mbele ya redio tunasikia nyimbo, na nilifikiri umechoka na mi. Usinyamaze tena. Hata kama hauna habari, sema tu. Jemima.'"

Clément alishika kalamu hewani.

"Anakuya?" akauliza.

"Hapana," Mama Mbambu akasema. "Hakuye." Akachukua simu kutoka mkononi mwa Aristote, ingawa hakuwa na miwani, akaitazama ile nuru yenye mistari. "Soma tena. Pale kwa koko."

Jioni ile nyumba ilikuwa vilevile. Chumba alichokuwa amemtandikia Jemima kilikuwa kimetandikwa. Alisimama mlangoni, akaelewa kwamba kitabaki hivyo, kwamba vita haviulizi mtu, kwamba huenda mama yake atakufa kule mikononi mwa mjukuu na yeye hatakuwepo. Alilia kwa hilo, peke yake, bila kuzuia. Halafu akavuta kiti, akaketi mezani, akala chakula chake.

Jumapili foleni ilifika mpaka kwenye uwanja wa kanisa, maana habari ilikuwa imetembea. Mama Mbambu alipanga mstari kama wengine. Zamu yake ilipofika Simone alimwinulia kidole, na akasogea mbele ya kipaza sauti.

"Jemima, ni mama. Sina habari. Sukari imepanda, Clément anaandika vibaya. Koko amekula nini leo?"

Halafu akanyamaza. Simone alimwonyesha kwa mkono kwamba muda bado upo, na yeye akatikisa kichwa, akabaki palepale ameinamia kipaza sauti, anaacha sekunde zilizobaki ziende tupu, kama anayengoja jibu.